Bunda la Noti na Kifungu cha 28

Ilikuwa Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Mishahara ya walimu ilikuwa imeingia, na wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, walikuwa wameleta mauzo ya siku mbili. Aliyewahi kukaa dirishani katika benki jijini Mwanza huzijua noti za Mwaloni kabla hajaziona. Zina unyevu na chumvi, zimekunjwa mara nne, na harufu yake haitoki mikononi hata ukinawa mara tatu. Mashine ya kuhesabia huzitema, kwa hiyo unazihesabu kwa vidole, moja moja, huku foleni imefika mlangoni na wateja wanaguna.

Jioni nilipofunga hesabu nilikuwa na shoti ya shilingi 500,000 kamili.

Keshia yeyote akiisikia namba hiyo anajua kilichotokea. Shoti ya 13,500 ni ya chenji. Shoti ya 500,000 kamili ni ya bunda. Noti mia moja za elfu kumi ni milioni moja, noti mia moja za elfu tano ni nusu milioni. Mahali fulani katika siku ile mkono wangu uliokota bunda la elfu kumi nikidhani ni la elfu tano, nikampa mtu, naye akaondoka nalo. Mshahara wangu wa mwezi mzima haukufika kiasi hicho.

Tulihesabu upya mara nne. Msimamizi wa makeshia alipekua droo yangu, tukapitia hati za malipo moja baada ya nyingine hadi saa mbili usiku. Nikasaini kitabu cha upungufu, nikapanda daladala kwenda nyumbani Nyakato, na sikumwambia mtu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini makeshia karibu wote tulikuwa tukificha. Anayepata shoti huogopa kuonekana mwizi kuliko anavyoogopa kulipa. Ndiyo maana wengi hukopa kwa ndugu, au kwa wakopeshaji wa mtaani wenye riba ya kuumiza, wakaziba pengo kabla meneja hajauliza. Mimi sikuwa na pa kukopa. Mwezi uliofuata nilipokea hati ya mshahara iliyobakiwa na shilingi elfu arobaini na kidogo. Meneja wa tawi aliniita ofisini kwake, akaniambia nishukuru kwamba sikufukuzwa.

Nikashukuru. Nilisema asante, tena kwa kuinama kidogo, kama nilivyolelewa kuwaheshimu wakubwa. Zile fedha nilishazisahau. Ile asante ndiyo ambayo hadi leo nikiikumbuka naumia.

Aliyenizuia nisiendelee kushukuru alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi, mzee wa kitengo cha hundi, aliyekaa meza ya nyuma kabisa karibu na mlango wa stoo. (Benki ina matawi na chama kina matawi, neno ni lilelile, na mimi kwa miaka mitatu nilikuwa nikilijua tawi moja tu kati ya yale mawili yaliyokuwa ndani ya jengo letu.) Asubuhi moja nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza:

“Mwanangu, ile barua walikuandikia lini?”

“Barua ipi, mzee?”

“Ya kukueleza deni lako limetokana na nini na limehesabiwaje.”

Hakukuwa na barua. Akavuta droo, akatoa kijitabu cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, pamoja na daftari la shule lililochakaa. Kijitabu kilikuwa cha Kiingereza. Katika daftari mzee alikuwa ameandika kwa kalamu tafsiri yake mwenyewe ya vifungu alivyoona vinawagusa watu wa benki. Akafungua kifungu cha 28, akanisogezea. Hakunisomea. Alitaka nisome mwenyewe.

Kifungu hicho hakimruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kwa sababu tu hasara imetokea. Lazima iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Mwajiri aeleze kwa maandishi sababu ya deni, kiasi chake na hesabu yake. Mfanyakazi apewe nafasi ya kutosha ya kulipinga, na akilikubali, alikubali kwa maandishi. Deni lisizidi hasara halisi. Na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha.

Niliyasoma hayo nimesimama. Nilikuwa na stashahada ya uhasibu. Kila siku ya kazi nilikagua saini za watu, tarehe za hundi zao, masharti ya mikopo yao, na ningemrudisha mteja kwa herufi moja iliyokosewa kwenye jina. Mkataba wangu mwenyewe wa ajira sikuwahi kuusoma ukurasa wa pili.

Mzee aliandika barua, tukaitwa kikaoni. Niseme wazi kilichopatikana, kwa sababu habari za vyama vya wafanyakazi husimuliwa mara nyingi kama habari za miujiza. Chama hakikunifutia deni. Kosa la bunda lilikuwa langu, na nililikubali kwa maandishi. Walichonirudishia ni kile kilichokatwa kupita robo, na deni nikalilipa kwa miezi mitano, nikiwa na nauli ya kwenda kazini na ada ya mdogo wangu. Pamoja na hayo, katika kikao kile mzee aliuliza swali ambalo halikuwa limemjia mtu yeyote akilini, hata mimi: huyu keshia siku ile alikula saa ngapi?

Sikula. Sheria hiyohiyo inampa mtu anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika sitini. Mimi nilikaa dirishani tangu saa mbili na nusu asubuhi bila kuinuka, na malipo yote makubwa ya siku ile, yale ya mabunda, yalitoka baada ya saa nane mchana. Noti ya elfu kumi ni nyekundu, ya elfu tano ni ya zambarau. Mtu aliyekula na kupumzika hazichanganyi kirahisi.

Wiki ile nilijaza fomu ya uanachama. Naona haya kusema kwamba nilikuwa nimeikataa mara mbili. Barua yangu ya ajira iliniita Ofisa Huduma kwa Wateja, na sisi vijana tulioingia benki na vyeo vya uofisa tuliamini chama ni cha madereva na matarishi. Wapo waliotuambia kwamba ofisa akijiunga anajizibia njia ya kupanda. Sheria haisemi hivyo. Anayekatazwa kuwa katika chama cha wafanyakazi wa kawaida ni mtu wa menejimenti ya juu, yaani yule anayetunga sera kwa niaba ya mwajiri na mwenye mamlaka ya kuingia mikataba ya pamoja kwa niaba yake. Mimi sikuwa na mamlaka ya kuinuka kwenye kiti nikale. Cheo kile kilitutenga na wenzetu, hakikutuongezea chochote, na tulikuwa tumekipokea kwa furaha na kupiga picha nacho.

Mzee aliziona zama zote. Alianza kazi wakati benki zilikuwa bado mali ya umma, kama zilivyofanywa na utaifishaji wa Februari 1967, na chama cha wafanyakazi kilikuwa JUWATA, jumuiya ya chama tawala iliyoundwa mwaka 1978. Akapita OTTU ya mwaka 1991, kisha vyama vya kisekta kama TUICO vilivyozaliwa katikati ya miaka ya tisini. Alisema zamani mwenyekiti wa tawi na meneja walikaa meza kuu moja, na mfanyakazi mwenye malalamiko hakujua ampelekee yupi. Lakini daftari lake hakulianza kwa sababu ya siasa. Alilianza wakati wa ubinafsishaji, pale rafiki yake waliyeajiriwa mwaka mmoja aliposaini karatasi ya kuondoka kazini bila kuisoma, akapokea kilichoandikwa humo, akaenda kwao. Mzee alikuwa amekaa kiti cha pembeni siku hiyo. Hakusema kitu, kwa sababu naye alikuwa hajui kilichomo.

Kwa wenzetu wa Kenya, BIFU, chama cha wafanyakazi wa mabenki, kimezoea kujadiliana na waajiri wa mabenki kwa pamoja. Kwetu kila benki hujadiliana kivyake, na ili chama kitambuliwe kuwa msemaji wa wafanyakazi wote wa sehemu ile, lazima kiwe na wanachama zaidi ya nusu yao. Kazi kubwa iko hapo, na watu wengi hawaioni kwa sababu haina hotuba. Ni kwenda na fomu kwa mtu mmoja mmoja. Jumamosi tatu nilivuka kwa kivuko cha Busisi, enzi hizo daraja halijajengwa, nikaenda Sengerema na Geita kuongea na makeshia ambao sikuwajua. Nilijifunza kutoanza na chama. Nilianza na shoti yangu. Nikishasimulia habari ya bunda, yule dada au kaka wa upande wa pili alikuwa akinyamaza kidogo, halafu anataja yake. Nilisikia za laki mbili, za laki saba, moja ya milioni na nusu iliyouza kiwanja cha familia. Wote walidhani ni wao peke yao.

Tulivuka nusu kwa watu wachache sana. Mkataba wa pamoja ulipokuja uliwahusu hata waliokataa kujiunga, maana ndivyo sheria ilivyo, na wachache kati yao walikuwa wa kwanza kudai posho mpya. Iliniudhi wakati ule. Sasa naona ni sawa, kwa sababu mtoto wa mtu aliyeogopa kusaini fomu naye anaumwa malaria.

Majadiliano yalifanyika Dar es Salaam, nami nikaingia kama mwandishi wa kumbukumbu wa upande wetu. Nilitegemea kelele. Nilichokuta ni magazeti. Benki hapa nchini hulazimika kuchapisha taarifa zake za fedha kila robo mwaka, na watu wengi huupita ukurasa ule wa namba ndogondogo wakitafuta michezo. Humo kuna faida, kuna mstari wa mishahara na marupurupu, na chini kabisa kuna idadi ya matawi na idadi ya wafanyakazi. Mzee alikuwa amezikata kurasa hizo za benki yetu robo baada ya robo na kuzibandika kwenye daftari la pili. Matawi yalikuwa yameongezeka. Faida ilikuwa imeongezeka. Wafanyakazi walikuwa wamepungua. Wawakilishi wetu hawakusema maisha ni magumu, ingawa yalikuwa magumu. Waliweka taarifa ya benki yenyewe mezani, wakaomba ufafanuzi wa mistari mitatu. Chumba kilitulia. Kuanzia dakika ile tulizungumza kama watu wanaokagua kitabu kimoja.

Nimelitafakari hilo kuliko jambo jingine lolote la siku zile. Anayelalamika anamwomba msikilizaji amhurumie, na huruma huisha. Anayeleta hesabu hahitaji huruma ya mtu. Nilikuwa nimeishi nikidhani ujasiri ni kupaza sauti, na sikuwa na sauti hiyo, kwa hiyo nilijiona mwoga. Mzee naye alikuwa mpole, aliyeongea kwa sauti ya chini hadi unasogeza kiti, na hakuna meneja aliyeweza kumyumbisha, kwa sababu alikuwa amesoma.

Mkataba wa hali bora za kazi ulisainiwa baada ya miezi mingi, na haukuwa na kila tulichoomba. Tuliomba matibabu yawafikie wazazi wetu, tukakosa, na kwa mtu wa kwetu hilo si jambo dogo. Nyongeza ya mshahara ilikuwa chini ya tuliyoiandika. Riba ya mkopo wa nyumba kwa wafanyakazi ilishuka. Nauli ya likizo iliwekewa kiwango, uhamisho ukawekewa notisi, na mkono wa pole wa msiba ukaingia kwenye maandishi badala ya bahasha ya kupitishwa mezani. Makeshia walipata posho ya kushika fedha. Utaratibu wa shoti uliandikwa hatua kwa hatua kama ulivyo katika kifungu cha 28, na zamu ya chakula ikawa sehemu ya zamu ya kazi, yenye jina la atakayekaa dirishani wakati wewe unakula.

Lakini ukinitaka nionyeshe kwa kidole chama kinafanya nini, nitakuonyesha aya fupi inayohusu kunyonyesha. Mwenzangu wa dirisha la tatu alirudi kazini baada ya siku 84 za likizo ya uzazi. Mtoto alibaki Igoma na bibi yake. Ikifika saa tano maziwa yanamtoka. Alikuwa akivaa sweta katika joto la Mwanza ili yasionekane, akakimbilia chooni kujikamua huku analia, kwa sababu dirisha lake limefungwa na foleni inalalamika. Maziwa anayamwaga. Sheria ilikuwa imeshampa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi. Meneja aliijua sheria hiyo, naye mwenzangu aliijua. Haikumsaidia, kwa sababu haikuwa imesema nani atakaa kwenye kile kiti. Mkataba ulisema. Uliandika kwamba saa hizo zinaweza kuwekwa pamoja mwisho wa siku, na jina la atakayeshika dirisha liwe kwenye orodha tangu asubuhi. Mwezi uliofuata nilimwona akitoka saa tisa mchana, mkoba begani, akitembea bila kukimbia, bila kumwambia mtu asante wala samahani.

Nilimwangalia hadi akafika kituo cha daladala. Nilimfikiria mama yangu, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, na ambaye hakutuambia hata siku moja alivyotunyonyesha sisi watoto wake watano.

Sasa niseme tulichokosea. Mlangoni kwetu alisimama mlinzi ambaye kwa miaka yote niliyofanya kazi pale alinisalimia kila asubuhi. Alijua majina ya watoto wetu. Hakuwa mwajiriwa wa benki, aliletwa na kampuni. Mama aliyesafisha choo kile ambamo mwenzangu alijikamua naye aliletwa na kampuni. Vijana waliovaa fulana zenye nembo ya benki, waliopita Buhongwa na Igoma juani wakifungulia watu akaunti, waliajiriwa na wakala kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Katika mkutano mmoja wa tawi dada mmoja aliuliza kuhusu watu hawa. Tulimjibu kwamba tuanze kwanza na yetu, hayo mengine tutayarudia. Mimi ndiye niliyeandika jibu hilo kwenye kumbukumbu, kwa mwandiko wangu.

Hatukuyarudia. Mkataba uliisha, tukajadili mwingine, na mwingine, na kila mara kulikuwa na jambo letu lililokuwa la haraka zaidi. Mzee alistaafu, akanipa daftari la vifungu. La magazeti alimwachia mwingine. Nilipoondoka benki, yule mlinzi alikuwa bado mlangoni, na sijui shoti za maisha yake zilizibwa na nani. Ninapojivunia yale tuliyoyapata, namkumbuka yeye, na fahari inapungua. Nadhani inastahili kupungua.

Mwaka huu mpwa wangu amepata kazi ya kuuza huduma za benki, kupitia wakala. Alinipigia simu kwa furaha.

“Shikamoo, shangazi. Nimeshasaini!”

Nilimpongeza, tena kwa moyo wote, maana ajira zimekuwa adimu na kijana amehangaika miaka miwili. Kisha nikamuuliza kama amepewa nakala ya alichosaini. Bado, akasema, wamesema watampa. Nikamuuliza makato ni yapi, likizo siku ngapi, simu ya kazi ikiibiwa analipa nani. Akanyamaza, nikasikia kwenye kunyamaza kule sauti yangu mwenyewe ya miaka mingi iliyopita.

Nimemtumia picha za daftari la mzee, ukurasa kwa ukurasa. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi anapoanza kazi, na hakibagui kati ya benki na wakala. Nawe unayesoma hapa, kama ulisaini na hukupewa nakala, nenda kaiombe Jumatatu asubuhi. Ukiipata, isome pamoja na anayekaa dirisha la jirani, na mwiteni mlinzi naye asome.